Kutoka mkataba wa Pentagon hadi sokoni: mwongozo kwa biashara ndogo na wanaozishauri

Mwishoni mwa 1998 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha mashine ya kurekebisha macho kwa leza iitwayo LADARVision. Ndani yake mlikuwa na kifaa kilichofuata mwendo wa jicho mara 4,000 kwa sekunde, ili leza isipige kando mgonjwa akichezesha jicho. Kampuni iliyoiunda, Autonomous Technologies ya Orlando, Florida, haikuanzia hospitalini. Rada yake ya leza ilikuzwa kwa fedha za utafiti za NASA na za ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyoshughulikia kinga dhidi ya makombora, lengo likiwa kuongoza vyombo vya angani visogeleane na kushikamana.

Kati ya chombo cha angani na jicho la mgonjwa kuna makaratasi mengi, na hayo ndiyo huwaangusha wahandisi wazuri. Kampuni ndogo huanza kuwaza soko siku ya kukabidhi ripoti ya mwisho. Kufikia hapo mambo matatu yameshaamuliwa, mara nyingi bila wenyewe kujua: data ziko mikononi mwa nani, uvumbuzi ni mali ya nani, na kama bidhaa inaweza kuuzwa nje bila kibali cha silaha. Kwa hiyo nimezipanga hatua hizi kwa kufuata wakati uamuzi unapofanyika. Nyingine zitaonekana zimewahi mno. Hazijawahi.

Hatua ya 1: Chagua mlango

Mlango mkuu ni SBIR, mpango wa serikali kuu wa kufadhili utafiti wa biashara ndogo, ulioanzishwa kwa sheria ya 1982. Kila taasisi ya serikali kuu inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya maabara zake hutakiwa kutenga asilimia 3.2 ya fedha hizo kwa biashara ndogo. Nduguye ni STTR wa 1992, unaotengewa asilimia 0.45 na taasisi zinazovuka dola bilioni 1, na unaoilazimu kampuni ishirikiane na chuo kikuu au taasisi ya utafiti isiyo ya faida. Fungu la Wizara ya Ulinzi ndilo kubwa kuliko yote.

Awamu ya Kwanza huchukua miezi sita hadi mwaka, kuthibitisha kwamba wazo linawezekana. Ya Pili huchukua kama miaka miwili, na humalizikia kwenye mfano unaofanya kazi. Ya Tatu ndiyo biashara yenyewe, na haina hata senti moja ya fungu la SBIR. Fedha zake lazima zitoke kwingine.

Kampuni iwe ya faida, iwe Marekani, isizidi wafanyakazi 500 pamoja na kampuni zinazohusiana nayo, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakaazi wa kudumu. Ndiyo, mwenye kadi ya kijani anahesabika. Uhusiano na China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini huchunguzwa kwa sheria ya 2022, hivyo mwekezaji mwenye asili ya fedha isiyoeleweka ni mzigo tangu siku ya kwanza.

Tahadhari moja. Idhini ya Bunge kwa mpango huu ilifika kikomo 30 Septemba 2025 na utoaji wa tuzo mpya ukasimama. Kabla hujamwambia mteja wako akeshe akiandika ombi, angalia sheria inasemaje siku hiyo.

Usajili uanze mapema: SAM.gov, tovuti ya kusajili wanaofanya biashara na serikali, ili kupata namba ya utambulisho ya UEI; daftari la kampuni la SBA, taasisi ya serikali ya biashara ndogo; kisha tovuti ya maombi ya Wizara, DSIP. Jina la kampuni liandikwe kama lilivyo kwenye kumbukumbu za kodi za IRS, herufi kwa herufi. Nukta moja iliyozidi inaweza kukurudisha nyuma kwa wiki kadhaa. Vituo viitwavyo APEX Accelerators, vilivyojulikana zamani kama PTAC, husaidia kazi hii bila malipo, basi usimlipe mtu kwa kukujazia fomu.

Kama kampuni haina wazo lake bali ina kiwanda na wateja, kuna mlango wa pembeni: kuchukua leseni ya uvumbuzi uliokwishafanyika ndani ya maabara za jeshi. TechLink, iliyoko Bozeman, Montana, huunganisha kampuni na maabara hizo na kusaidia kuandaa ombi la leseni.

Hatua ya 2: Ipate sentensi ya matumizi mawili kabla ya kusaini

Hapa ndipo ningekaa na mteja muda mrefu zaidi. Marekani ina orodha mbili za kudhibiti vitu vinavyotoka nje ya nchi. Orodha ya silaha, USML, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na kanuni zake ni ITAR. Bidhaa za kibiashara, pamoja na zile zenye matumizi mawili, yaani ya kiraia na ya kijeshi, ziko chini ya Wizara ya Biashara, na kanuni zake ni EAR. Bidhaa ikiangukia ITAR, mchoro, barua pepe yenye maelezo ya kiufundi na hata sampuli ya kumwonyesha mteja wa nje vitahitaji kibali. Wanunuzi wengi wa kiraia wakisikia neno hilo huaga kwa heshima.

Wengi hawajui kwamba baadhi ya vipengele vya USML hunasa kifaa kwa sababu tu kinabuniwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi. Kifungu XI(a)(7), kwa mfano, kinahusu vifaa vya elektroniki vilivyo bado katika ubunifu chini ya mikataba ya kuanzia 1 Julai 2014. Lakini kifungu hichohicho kimeacha tundu la kutokea: hakikihusu kifaa ambacho mkataba wenyewe umekitaja kuwa kinabuniwa kwa matumizi ya kiraia na ya kijeshi.

Tuseme kampuni ya watu tisa inabuni kihisi kinachosikiliza mtetemo wa giaboksi ya helikopta na kutambua beringi inayoanza kuchakaa. Kihisi hichohicho kinaweza kukaa kwenye giaboksi ya mtambo wa umeme wa upepo. Mkataba ukisema tu "kihisi cha helikopta ya kijeshi", kampuni imejifungia. Ukisema kinabuniwa kwa matumizi ya kiraia na ya kijeshi, njia iko wazi zaidi. Ombi la kuongeza maneno hayo lipelekwe kwa maandishi kwa ofisa mikataba. Mwanasayansi wa maabara unayezungumza naye kila wiki anaweza kukuunga mkono, lakini hana mamlaka ya kubadilisha hata mkato.

Maneno hayo hayaokoi kifaa ambacho kwa asili yake kimetajwa mahali pengine kwenye orodha. Penye shaka, fomu DS-4076 hutumika kuiomba Wizara ya Mambo ya Nje iamue bidhaa iko upande gani. Na ikumbukwe kwamba kumwonyesha mchoro unaodhibitiwa mhandisi asiye raia wala mkaazi wa kudumu, hata mkiwa meza moja mjini Dayton, huhesabika kuwa umeupeleka nje ya nchi.

Hatua ya 3: Weka tangazo la haki kwenye kila kinachotoka mkononi mwako

SBIR inampa mwenye kampuni ndogo kinga ambayo wakandarasi wakubwa wanaionea wivu. Kwa miaka 20 tangu mkataba kutolewa, serikali hairuhusiwi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kuzitoa nje data za kiufundi na programu za kompyuta zilizozalishwa kwa mkataba huo. Muda huo ulitokana na mwongozo wa sera wa SBA wa Mei 2019. Mikataba ya zamani ya Wizara ya Ulinzi ilikuwa na miaka 5 baada ya kazi kukamilika. Basi usome kifungu kilichomo kwenye mkataba ulio mezani, kwa kawaida DFARS 252.227-7018 (DFARS ni kanuni za ununuzi za Wizara ya Ulinzi), na usitegemee ulichosikia kwa jirani.

Kinga hii hailindi karatasi tupu. Mchoro wa kihisi chetu ukiingia kwenye mfumo wa jeshi bila tangazo la haki, yaani maandishi yanayosema kwamba data hizi zina kinga ya SBIR, huchukuliwa kwamba umetolewa bila masharti, na mshindani anaweza kupewa kihalali. Kwa hiyo mchoro, kwenye kona yake, uwe na maandishi ya tangazo kama yalivyo kwenye kifungu, bila kuongeza wala kupunguza neno, yakiwa na namba ya mkataba, jina la kampuni, anwani, na tarehe ambayo kinga itakwisha. Ndani ya ripoti, ukurasa wenye siri upigwe alama na sehemu yenyewe ionyeshwe. Kwenye programu, tangazo likae juu kabisa ya kila faili la msimbo. Kuliweka kwenye jalada peke yake hakutoshi. Tangazo la kujitungia, kama "Siri ya Kampuni, Usinakili", halitambuliki, na ofisa mikataba ataagiza lirekebishwe.

Ukisahau, una miezi sita tangu kukabidhi ya kuomba ruhusa ya kuliweka, kwa gharama yako.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa sana. Maelezo ya kufunga, kuendesha, kutunza na kufundishia huwa huru kwa serikali hata kama utafiti ni wa SBIR. Mhandisi mkarimu anayeingiza kanuni yake ya kuchambua mtetemo ndani ya kitabu cha mafunzo ameitoa sadaka. Kitabu kiseme bonyeza hapa, subiri taa ya kijani, badilisha betri. Siri ya ufundi ibaki kwenye nyaraka zenye tangazo.

Na kilichobuniwa kwa fedha za kampuni kabla ya mkataba kiorodheshwe wakati wa kuwasilisha ombi, kwenye jedwali la madai ya haki. Liambatane na ushahidi: karatasi za saa za kazi, risiti, tarehe. Kulirudia jedwali hilo baada ya mkataba ni shida.

Hatua ya 4: Toa taarifa ya uvumbuzi kwa wakati

Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inairuhusu kampuni ndogo kubaki na umiliki wa uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali. Serikali hubaki na leseni ya kuutumia bila malipo. Kwa kubaki na umiliki, kampuni inadaiwa mambo yenye tarehe: kutoa taarifa ndani ya miezi 2 baada ya mvumbuzi kuuandikia uongozi wa kampuni unaohusika na hataza, kutangaza ndani ya miaka 2 kwamba inautaka umiliki, na kuomba hataza ndani ya mwaka 1 baada ya hapo, au mapema zaidi kama uvumbuzi umeshachapishwa au kuuzwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Campbell Plastics waliyaona hayo mahakamani. Kampuni hiyo ndogo ilikuwa na mkataba wa 1992 na Jeshi la Nchi Kavu wa kutengeneza sehemu za barakoa ya kinga kwa marubani. Katika kazi hiyo ilivumbua njia ya kuunganisha sehemu za barakoa kwa mawimbi ya sauti, ikaomba hataza, na 1999 ikaipata. Lakini haikuwa imewahi kuujaza uvumbuzi huo kwenye fomu iliyotajwa na mkataba, DD 882. Kampuni ilijitetea kwamba habari zote zilikuwa zimo, kipande kipande, kwenye ripoti na michoro iliyolipatia Jeshi. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya Federal Circuit ilikataa utetezi huo, na umiliki wa hataza ukaenda serikalini. Fomu yenyewe ni fupi. Mteja wangu yeyote ningemtaka aijaze kila kipindi kinachotakiwa, hata pale jibu ni "hakuna".

Pia kagua mikataba ya wafanyakazi. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2011, kati ya Chuo Kikuu cha Stanford na Roche, ilithibitisha kwamba uvumbuzi huanza kuwa wa mvumbuzi mwenyewe na Bayh-Dole haiuhamishi kwa mwajiri peke yake. Mkataba wa ajira useme mfanyakazi "anakabidhi" haki zake tangu sasa. Ukisema "anakubali kukabidhi" baadaye, mtu mwingine anaweza kukutangulia, kama ilivyomkuta Stanford.

Hatua ya 5: Mtafute mwenye bajeti

Mtu wa kiufundi anayesimamia Awamu ya Pili mara nyingi ni mtafiti. Anaipenda kazi yako, atakuandikia barua nzuri, na hana fedha ya kununua hata kimoja. Mnunuzi ni ofisi ya programu inayomiliki helikopta, meli au redio ambayo kifaa chako kitakaa ndani yake. Ofisi hiyo hupanga fedha takriban miaka miwili kabla ya kuzipata, na mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Oktoba. Ukimfuata meneja wa programu mwishoni mwa Awamu ya Pili, hata akikukubali siku hiyohiyo, bajeti yake imeshafungwa. Mfuate mwezi wa tatu wa mkataba.

Umuulize maswali yanayojibika. Beringi hizi hubadilishwa kwa ratiba au zikiharibika? Nani hutia sahihi kubadili ratiba hiyo? Kuna jaribio gani lililokwishapangwa ambalo kihisi kinaweza kupanda nalo? Akikosa muda, omba jina la mhandisi wake mkuu.

Silaha yako kubwa ni Awamu ya Tatu. Kazi yoyote inayotokana na utafiti wa SBIR, inayouendeleza au kuukamilisha, inaweza kupewa kampuni hiyo moja kwa moja bila zabuni nyingine, kwa kuwa ushindani unahesabika umeshafanyika. Haina kikomo cha fedha wala cha idadi ya mikataba, na inaweza kufuata hata baada ya Awamu ya Kwanza tu. Sheria, 15 U.S.C. 638(r)(4), inazitaka taasisi na wakandarasi wakuu wampe kipaumbele aliyeibuni teknolojia kadiri inavyowezekana.

Maofisa mikataba wengi hawajawahi kuandika mkataba wa namna hii, na asiyewahi huogopa. Mwandalie ukurasa mmoja: namba ya mkataba wa SBIR, kilichothibitishwa, kazi mpya inayotakiwa, aya moja ikieleza inavyotokana na ile ya zamani, na marejeo ya sheria. Mkataba mpya ukija, hakikisha umeandikwa waziwazi kuwa ni wa Awamu ya Tatu na una kifungu cha data cha SBIR. Ukikosa hilo, kazi ya Hatua ya 3 itavuja hapo.

Hatua ya 6: Kuvuka bonde

Kati ya mfano wa Awamu ya Pili na oda ya kwanza kuna kipindi ambacho Wamarekani wenyewe hukiita bonde la mauti. Mishahara inadai na mkataba haujafika. Jeshi la Anga, kupitia kitengo chake cha ubunifu, AFWERX, limekuwa na programu za TACFI na STRATFI, zinazoongeza fedha za SBIR pale serikali kwingine au wawekezaji binafsi wanapoweka zao. Wizara ina APFIT, iliyoanza 2022, kwa bidhaa zilizokwishakomaa zinazohitaji dola milioni 10 hadi 50 za kununuliwa kwa mara ya kwanza. Ofisi ya DIU, iliyoanzishwa 2015, hufuata njia ya kinyume: hutafuta bidhaa za sokoni ziingie jeshini. Hiyo inawafaa wenye mauzo ya kiraia tayari.

Mkopo wa benki kwa ahadi ya mdomo ya ofisa, usithubutu.

Chukua pia fedha za ushauri wa biashara, TABA: hadi dola 6,500 kwa Awamu ya Kwanza na 50,000 kwa ya Pili, zikiombwa pamoja na ombi. Watu huzisahau, kisha wanalipa mtafiti wa soko kutoka mfukoni.

Hatua ya 7: Geuza kifaa kiwe bidhaa ya kiraia

Mfano uliojengwa kwa jeshi hujaa sifa ambazo raia hatalipia. Mwenye mtambo wa upepo hahitaji kihisi kinachovumilia risasi na mchanga wa jangwani. Anataka kujua kitampunguzia safari ngapi za fundi kupanda mnara, na kama data zake zitasomeka kwenye mfumo alionao. Zungumza na mafundi wanaopanda huo mnara kabla ya kuzungumza na wakurugenzi. Fundi ndiye atakayekwambia kwamba kebo yako imekaa upande ambao mkono haufiki.

Kabla ya kuonyesha matokeo ya majaribio kwenye maonyesho ya biashara, soma mkataba unasemaje kuhusu kutangaza habari. Mingi, chini ya DFARS 252.204-7000, inataka idhini ya ofisa mikataba kwanza, na ombi lipelekwe siku 10 za kazi kabla. Angalia pia maandishi ya usambazaji kwenye ripoti: "A" ni wazi kwa umma, nyingine zina mipaka.

Ukiamua kutoa leseni badala ya kutengeneza mwenyewe, jua kwamba leseni ya kipekee ya kuutumia au kuuuza uvumbuzi wa Bayh-Dole ndani ya Marekani huja na sharti la bidhaa kutengenezwa kwa kiasi kikubwa humo nchini, mpaka upate msamaha. Mnunuzi wa leseni mwenye kiwanda ng'ambo aambiwe hilo kwenye kikao cha kwanza.

Hatua ya 8: Usalama wa mtandao na kumbukumbu

Kuanzia 10 Novemba 2025 masharti ya CMMC, mpango wa Wizara wa kuthibitisha usalama wa mtandao wa wakandarasi wake, yameanza kuingizwa kwenye mikataba ya Wizara. Ngazi ya 1 ina mahitaji 15 ya msingi. Ngazi ya 2 ina 110 ya NIST SP 800-171, mwongozo wa serikali wa kulinda habari, kwa wanaoshika habari nyeti zisizo za siri. Kampuni ya watu tisa itaona ni mlima, na ni kweli. Nafuu iliyopo ni kutenga kompyuta chache na watu wachache wa kushika habari hizo, ili upande wa kiraia usiingie kwenye ukaguzi.

Mwisho, ripoti ya mauzo. Kampuni yenye historia ya SBIR huulizwa utafiti wake umeleta nini, na iliyopata zaidi ya tuzo 15 za Awamu ya Pili ndani ya miaka 10 lazima ifikie wastani wa dola 100,000 za mauzo au uwekezaji kwa kila tuzo, au idadi ya hataza iliyo sawa na angalau asilimia 15 ya tuzo hizo. Ankara ya kihisi kilichouzwa kwa mwenye mtambo wa upepo iandikwe namba ya mkataba wa SBIR uliokizaa, siku ileile inapotolewa.